Kiti cha Phelista kwenye Korido

Katika ofisi ya bajeti mtu hutambuliwa kwa koti. Koti likiwa limetundikwa nyuma ya kiti, mwenyewe yuko kazini, hata kama mwenyewe yuko Eldoret kwa harusi ya shemeji. Mkurugenzi Hillary Mbogo alikuwa na makoti mawili, moja la kuvaa na moja la kufanya kazi. Hili la kazi lilikuwa la kijivu, halikuwahi kuomba likizo, na wageni waliofika kumtafuta mkurugenzi walionyeshwa koti kwa heshima, wakaambiwa, "Yuko. Ametoka tu kidogo."

Phelista Wepukhulu hakuwa na koti. Alikuwa na sweta alilofumiwa na mama yake, na alikuwa na tabia mbaya ya kulivaa.

Kaunti iliyomwajiri haitatajwa hapa. Iko mahali ambapo watu hulima mahindi, na hiyo ni dalili ya kutosha kwa yeyote anayetaka kukosea. Yeye mwenyewe alizaliwa Myanga, upande wa Bungoma. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi kule Webuye, mtu aliyerudi nyumbani na harufu ambayo hakuna sabuni ya kipande iliyoiweza. Pamoja na harufu alileta karatasi zilizokataliwa kiwandani, zilizokunjika pembeni au zenye madoa, na Phelista akajifunzia hesabu humo. Kiwanda kilipofungwa, baba alibaki na karatasi nyingi na kazi hakuna. Binti akasoma uchumi chuo kikuu, akarudi, akafundisha shule ya kutwa bila kuajiriwa rasmi, hadi kaunti zilipoanzishwa na ghafla serikali ikawa jirani. Serikali hiyo jirani ilihitaji watu wanaojua hesabu. Akahamia Kitale, akapanga nyumba mtaa wa Tuwan, akawa mchambuzi wa bajeti, sekta ya kilimo.

Kazi ya mchambuzi wa bajeti ni kueleza kwa maandishi pesa zinatoka wapi, zinakwenda wapi, na kwa nini. Maswali mawili ya kwanza hayajawahi kumharibia mtu kazi.

Kwa hilo la tatu kuna ufundi maalumu. Zahanati ikiondolewa ili gari la mkubwa linunuliwe, mchambuzi huandika kwamba "vipaumbele vimeoanishwa na hali halisi." Barabara ikipotea, huandikwa kwamba "utekelezaji umepangwa upya kwa awamu." Phelista alikuwa bingwa wa sentensi hizo. Wenzake walimletea zao azinyooshe, na alikuwa akizinyoosha huku akinywa chai.

Halafu ikaja bajeti ya ziada. Katika bajeti ya kwanza wakulima walikuwa wameomba, na kupewa, mashine ya kukausha mahindi. Phelista aliandika ombi hilo kwa mkono wake kwenye mkutano wa wananchi, na lilikuwa ombi la pekee siku hiyo lililopigiwa makofi kabla soda hazijagawanywa. Sasa mashine ilikuwa imeondolewa. Pesa zake zilihamishiwa ziara ya mafunzo ng'ambo, ambako maafisa wangejifunza jinsi wenzetu wanavyokausha mahindi. Phelista akaambiwa aandike ni kwa nini.

Jumamosi iliyotangulia alikuwa Myanga akigeuza mahindi ya mama yake juu ya turubai. Mvua ilikuja mara mbili kabla ya saa sita. Mnunuzi naye akaja, akaingiza mkono ndani ya gunia, akanusa kiganja chake, akaenda zake bila hata kutaja bei. Pengine ni kiganja hicho kilichomharibia Phelista ufundi. Jumatatu alikaa mbele ya kompyuta akaandika sentensi moja: "Mashine ya kukausha mahindi imeondolewa ili maafisa kumi na wanne wasafiri kwenda kuona mashine ya kukausha mahindi."

Mkurugenzi alimwita. Siku hiyo makoti yote mawili yalikuwa ofisini.

"Madam Phelista, hii ni nini?"

"Ni maelezo, bosi."

"Najua ni maelezo. Mbona yanaeleza?"

Swali lilikuwa zuri.

"Andika vile tunaandikanga," mkurugenzi alisema.

"Kwani kuna kosa?"

Mkurugenzi aliisoma sentensi tena, polepole, kama mtu anayetafuta kosa kwa matumaini. "Kosa hakuna. Hiyo ndiyo shida."

"Basi nitaweka sahihi."

"Badilisha kwanza."

"Bosi, ukipata sababu ingine ambayo ni ya ukweli, uniambie. Nitaiandika hata leo."

Sababu nyingine haikupatikana. Utaratibu nao ulikuwa mkaidi: maelezo ya sekta huandikwa na mchambuzi wa sekta, kwa jina na sahihi yake, na sekta ya kilimo ilikuwa na mchambuzi mmoja. Mkurugenzi akamwambia ajifikirie vizuri.

Asubuhi iliyofuata meza yake haikuwapo. Wangui, katibu wa ofisi, alimpokea mlangoni huku akiangalia sakafu.

"Wamesema ati ofisi inapakwa rangi."

"Yote?"

"Ati wanaanza na upande wako."

"Rangi iko wapi?"

"Si mimi nimeulizwa, bana. Mimi niliambiwa tu niseme."

Kiti kilikuwa kimebaki. Hawakukichukua kwa sababu hakikuwa cha kaunti. Phelista alikinunua kwa fundi wa Tuwan baada ya kile cha serikali kuvunjika mgongo. Alikibeba nje, akakiweka koridoni, kati ya mlango wa mkurugenzi na mlango wa choo, akafungua kompyuta juu ya magoti na kuendelea na kazi.

Hesabu ya mkurugenzi ilikuwa ya busara kwa namna yake. Mtu wa digrii hawezi kukaa kando ya choo wiki nzima. Ataomba ruhusa, kisha ataumwa, kisha ataomba uhamisho, na anayekuja badala yake atakuwa na njaa ya safari. Hesabu hiyo ilisahau jambo moja, kwamba wananchi hupitia koridoni.

Walikuja kama siku zote, wakachungulia, wakaliona koti la kijivu, wakaambiwa ametoka kidogo. Ila sasa walipogeuka kuondoka walimkuta mtu. Wa kwanza alikuwa Mzee Kiragu, mkulima na mwenyekiti wa kikundi, mtu wa gambuti zilizooshwa kwa ajili ya ofisi.

"Madam, huyu mkurugenzi anarudi saa ngapi?"

"Sijui, mzee. Unataka nini?"

"Mashine. Tuliambiwa ni ya mwaka huu. Mahindi yetu yanaota kwa gunia."

"Mashine imetolewa kwa bajeti."

Mzee Kiragu alitafuta mahali pa kukaa, akakosa, akaegemea ukuta. "Na sababu?"

Phelista akamsomea sentensi yake. Mzee alisikiliza na kofia mkononi.

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Hiyo sentensi imeishia hapo?"

"Imeishia hapo."

"Sasa hawa kumi na wanne, wakishaiona, watakuja kutuambia iko namna gani?"

"Kuna ripoti itaandikwa."

"Ripoti inakausha mahindi?"

"Ikiwa nene, pengine, mkiiwasha moto."

Mzee alicheka kidogo, kwa pua. Phelista akamwambia kwamba mambo haya si siri, bajeti ya ziada ni ya umma, na kamati ya bunge la kaunti ingeketi Alhamisi ya wiki iliyofuata, milango wazi. Mzee Kiragu akavaa kofia. Kesho yake walikuja wawili wa kikundi chake, kisha wanawake wa ushirika wa maziwa wenye swali lao tofauti kabisa, kisha mwalimu mmoja. Mtu alileta benchi, haijulikani nani. Kipkirui, bawabu wa getini, naye alibadilisha maelekezo yake bila kumuuliza mtu: "Ukitaka koti, mlango wa pili. Ukitaka mtu, huyo pale kwa kiti."

Habari zilifika Myanga kabla yake. Mama yake, Mama Pauline, alikuwa anachambua mahindi meusi kutoka kwa meupe, na hakuinua kichwa.

"We Phelista. Ati wamekutoa nje?"

"Wametoa meza, mama. Mimi nilitoka na kiti yangu."

"Huko kanisani nilikuwa nawaambia mtoto wangu ni wa hazina. Sasa niwaambie ni wa korido?"

"Waambie ni korido ya hazina."

"Usinichekeshe. Na hapo kuna choo, nimesikia. Andika hiyo kitu vile wanataka, urudi ndani. Si ni maneno tu?"

Phelista aliokota konzi ya mahindi meusi. "Na hii utafanyia nini?"

"Nitapea kuku."

"Kuku wanakula?"

Mama Pauline aliendelea kuchambua. Kuku walikuwa wamesimama kando, hatua chache kutoka rundo jeusi, wakiangalia mahali pengine.

"Basi kaa huko korido," alisema mwishowe. "Lakini uvae soksi. Hiyo sakafu ya simiti itakuua."

Siku mbili kabla ya kikao mkurugenzi alitoka mwenyewe hadi koridoni, akiwa ndani ya koti la kuvaa. Wageni wa benchi walisogea. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama daktari.

"Madam, tumefikiria. Wewe ni mtu wa kilimo, haifai ubaki. Tumekuongeza kwa safari. Sasa ni kumi na tano."

"Kwa hivyo nirekebishe maelezo?"

"Sasa tunaelewana."

Phelista aliweka kompyuta sawa magotini, akaandika kidogo, akamgeuzia aone. Palipokuwa na maafisa kumi na wanne sasa palikuwa na kumi na watano. Mengine yalikuwa vile vile.

"Nimerekebisha," alisema.

Alhamisi chumba cha kamati kilijaa watu wenye gambuti safi. Mwenyekiti wa kamati, Mheshimiwa Lorraine Gathii, alifika kwenye kilimo, akatafuta maelezo, akakosa. Mkurugenzi akasema yanakamilishwa. Mzee Kiragu akasimama nyuma na kusema, kwa adabu, kwamba yalikamilika zamani, wao wenyewe walisomewa, na aliyeyaandika yuko koridoni amekalia kiti. Phelista akaitwa. Alisoma sentensi yake kwa sauti ile ile aliyosomea kando ya choo. Mtu mmoja alikohoa kwa namna ambayo haikuwa kikohozi.

"Hiyo mashine ya ng'ambo," Mheshimiwa Lorraine aliuliza, "inatofautiana na ile tungenunua?"

"Ni ile ile, mheshimiwa. Hata iko dukani hapa mjini."

"Mtu anaweza kwenda kuiona?"

"Anaweza."

"Kwa usafiri gani?"

"Kwa miguu."

Safari ilifutwa kabla ya chakula cha mchana, na mashine ikarudishwa. Imerudishwa kwenye bajeti, maana yake. Zabuni imetangazwa, mvua inanyesha, na mahindi ya msimu huu yatakaushwa kwa turubai na kwa maombi. Mzee Kiragu hupita kila wiki kuuliza zabuni imefika wapi, na hujibiwa.

Baada ya kikao Wangui alitumwa koridoni. "Bosi anasema rangi imekauka. Meza yako iko ndani."

Phelista aliangalia benchi. Mwanamke wa ushirika wa maziwa alikuwa katikati ya swali.

"Waniletee hapa."

"Korido si ofisi, Phelista."

"Watu wamezoea njia."

Meza ililetwa na watu wawili, wakikwaruza ukuta, na iko pale mpaka leo, kati ya koti na choo. Yeye huvaa soksi. Inasemekana barua ya kumhamisha imeandikwa, ina tarehe, ina mhuri, ila mkurugenzi hajaitia sahihi. Imekwama kwenye aya ya pili, pale inapotakiwa kutaja sababu.