Nilishangilia Soda, Si Jeshi

Leo nimejiona kwenye picha ya zamani.

Binti yangu ameikuta mtandaoni. "Mama, huyu si wewe?"

Ni mimi. Kijijini kwetu Rhotia, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nimeinua chupa ya soda, meno yote nje.

Mnakumbuka enzi zile? Dukani hakuna sukari, hakuna hata sabuni. Halafu wazungu wanashusha makreti ya soda kwenye gari. Bure!

Baba yangu, balozi wa nyumba kumi, alimuuliza mkalimani wao, "Hawa ni akina nani?"

"Watu wa kampuni ya soda, mzee. Wanatangaza biashara."

"Mbona wenzao wanapima malisho yetu?"

Mkalimani akacheka tu. Baba akarudisha chupa yake. Mimi nikaona ananiaibisha, nikamnunia wiki nzima.

Tukaambiwa tuinue chupa, tupige vigelegele. Tukapiga, nao wakatupiga picha.

Sasa someni maelezo ya wazungu hao chini ya picha: "Wanakijiji wakishangilia mpango wa kambi ya jeshi letu."

Jeshi! Nani alituuliza habari za jeshi?

Kambi haikujengwa, lakini furaha yangu ya kitoto waliipeleka kwao kuwa ndiyo idhini yetu. Uchafu gani huu?

Na watu wanaandika hapo chini, "Jamani, wamependeza!"

Nimeandika kwa jina langu kamili: "Huyo wa mbele ni mimi. Nilishangilia soda."

Wenye ukurasa wamefuta.

Nimeandika tena. Watu wa Rhotia mliokuwepo siku ile, njooni muandike na ninyi.