Kisiki cha Mringaringa

Juzi hapa Lemara trekta dogo lenye mkono wa kuchimbia liling'oa kisiki cha jirani kabla chai yangu haijapoa. Mkono wangu ukaenda wenyewe kitovuni.

Kwetu mlimani, nilipokuwa mdogo, baba alikichimba kisiki cha mringaringa kwa sururu mchana kutwa. Udongo mbichi ulinuka, mizizi ikalia. Mimi nilikaa, nikasimama, nikalizunguka shimo. Bibi aliwahi kuniambia kuwa kitovu changu kilizikwa shambani, chini ya mti. Nikajua ni mti huo, na mzizi wa mwisho ukikatika, nimekwisha. Leo najua kitovu kilichozikwa hakimuui mtu. Siku ile nani angeniambia?

Baba aliponyanyua shoka, nikarukia shimoni nikaukumbatia mzizi.

"We mtoto, toka! Unataka nikukate?"

"Baba, nitakufa! Kitovu changu kiko hapa!"

Nilingoja kiboko. Baba akacheka mpaka akakaa chini. "Chako kiko mgombani, mjinga wewe. Cha hapa ni changu mimi."

Sikutoka. Niliushika mzizi kwa nguvu zaidi, mpaka akaweka shoka chini.