Maharagwe Ishirini ya Gitobu

Mwalimu Gladwell alifundisha miaka thelathini na mbili bila kumwomba mtu yeyote msamaha, wala hakuona kwamba huo ni upungufu. Kazi ya mwalimu, alipenda kusema, ni kusahihisha, si kusahihishwa. Alipostaafu alirudi Mitunguu, kwenye shamba aliloachiwa na marehemu mumewe Muthamia, akapanda ndizi na kuzisimamia jinsi alivyosimamia wanafunzi, kwa mistari iliyonyooka na bila mzaha. Majirani walisema hata migomba yake ilijifikiria mara mbili kabla ya kuinama.

Zamu yake ya maji ya mfereji ilikuwa Jumanne na Ijumaa alasiri. Maji ya zamu hayaachwi peke yake. Ukigeuza kisogo tu jirani anayaelekeza kwake, na ukimuuliza ataapa kwa jina la Bwana kwamba yalijiendea yenyewe. Kwa hiyo Gladwell alikaa kwenye kigoda kando ya mfereji, na ili asichoke akawa anabeba kitu cha kusoma. Alimaliza magazeti ya kanisa, akamaliza vitabu vya wajukuu, mpaka mwezi wa pili mwaka huu akafungua sanduku la bati alilotoka nalo shuleni. Chini kabisa, chini ya rejista kuukuu, alikuta kitabu kinene cha Kiingereza kilichobanduka jalada. Alikijua mara moja. Ndicho alichomnyang'anya Gitobu.

Gitobu alikuwa kidato cha tatu mwaka wa tisini na tisa, katika shule ya bweni aliyofundisha Gladwell kule juu, Imenti. Alikuwa kijana mwembamba aliyefiwa na mama, na baba yake hakuna aliyejua aliko. Wenzake walipokwenda nyumbani likizo fupi, yeye alibaki bwenini, na Gladwell akawa anamwita kwake ale chapati pamoja na watoto wake. Hakumpenda kuliko wengine. Alimwonea huruma tu, au ndivyo alivyojiambia.

Siku hizo hofu ya waabudu shetani ilikuwa imeenea kila mahali. Ilihubiriwa kanisani, ilizungumzwa sokoni, na walimu waliambiwa wafungue macho. Gladwell aliyafungua yake kupita kiasi. Asubuhi moja ya ukaguzi wa mabweni alipata vitu vitatu chini ya godoro la Gitobu: kile kitabu, kikiwa bado na jalada lenye picha ya mnyama mwenye pembe, mkebe wa kakao wenye maharagwe ishirini, kila moja limeandikwa namba kwa wino, na karatasi iliyopigwa mistari. Karatasi ilikuwa na safu tano, yaani jina, jina jipya, nguvu, uhai na silaha. Kulikuwa na wavulana watano, Gitobu akiwa wa kwanza. Wa sita, chini kabisa, alikuwa yeye mwenyewe, Madam Gladwell. Uhai wa wavulana ulikuwa kumi, kumi na mbili, uliozidi sana kumi na nne. Wake ulikuwa ishirini.

Mtu aliyezaliwa Meru hahitaji kuelezwa maana ya mbegu zinazotikiswa ndani ya chombo. Mganga huzitikisa kibuyuni, akazimwaga, akazihesabu, kisha akasema nani ameroga na nani atakufa. Tena hapa palikuwa na orodha ya watu waliopewa majina mapya, roho zao zimeandikwa kama bei za mbuzi, na ya bei ya juu kuliko zote ni ya kwake! Gladwell hakumuuliza kijana hata swali moja. Jumatatu alimsimamisha mbele ya gwaride la wanafunzi mia sita, akaisoma orodha kwa sauti, akayamwaga maharagwe mchangani. Gitobu alifukuzwa kabla ya chai ya saa nne. Wale wenzake wanne walichapwa wakasamehewa, kwa kuwa wao walikuwa na wazazi wa kuja kuwalilia.

Basi hicho ndicho kitabu alichoanza kukisoma kando ya mfereji. Kwanza alikisoma kwa kiburi, akimtafuta shetani. Hakumpata. Alimpata mfinyanzi, mwanamke mkaidi aliyebeba kaa la moto ndani ya chungu kuvuka milima, na joka lililozeeka ambalo shida yake yote ilikuwa baridi. Wiki ya tatu alisahau maji yakafurika mpaka kwa jirani yake Mithika, ambaye siku hiyo hakulazimika kuyaiba. Joka lilipokufa, Gladwell alilia waziwazi, kilemba kimemwegemea sikioni.

Kisha, hadithi ikiwa imekwisha, akakuta kurasa chache za nyuma ambazo hakuzitarajia. Zilikuwa maelekezo kwa msomaji atakaye kuicheza hadithi ile na rafiki zake. Mmoja awe msimulizi, wengine waingie ndani ya hadithi. Kila mmoja apewe jina jipya, nguvu, uhai na silaha, vyote viandikwe kwenye karatasi. Jambo la hatari likitokea, liamuliwe kwa namba kuanzia moja hadi ishirini. Asiyekuwa na dadu ya namna hiyo atumie chochote alicho nacho.

Chochote alicho nacho. Na mtoto wa bweni ana nini zaidi ya maharagwe? Gladwell alikifunga kitabu, akakaa akitazama maji. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka. Alikuwa amemharibia mtoto maisha kwa sababu ya mchezo, na maelezo ya mchezo wenyewe yalikuwa mikononi mwake miaka yote hiyo, sandukuni, ndani ya kitabu ambacho hakuwahi kukifungua.

Peninah, aliyekuwa karani wa shule, ndiye aliyejua Gitobu alikokwenda.

"Yuko Embu, pale mtaa wa Dallas," alimwambia kwa simu. "Anaandika mabango ya maduka. Na hajaacha, Gladwell! Kila Jumapili alasiri anakusanya watu wanacheza mambo ya majoka. Watu wazima wenye vitambulisho!"

Marehemu mama yake Gladwell alikuwa na sheria mbili kuhusu msamaha. Ya kwanza, hauombwi kwa mikono mitupu. Ya pili, kosa la barazani haliombewi radhi jikoni. Ulilolitenda mbele ya watu, litengeneze mbele ya watu. Gladwell alikata mkungu wake bora wa ndizi, akatafuta chupa ya asali safi, akakifunga ndani ya leso kitabu na ile karatasi, iliyokuwa bado imekunjwa katikati ya kurasa zake. Jumapili baada ya ibada akaenda Embu.

Karakana ya Gitobu ilinuka rangi. Mabango mapya yalikuwa yameegemezwa ukutani yakauke, ya kinyozi, ya duka la dawa, ya kanisa. Katikati palikuwa na meza iliyotandazwa ramani kubwa ya milima na mito, imechorwa kwa mkono uliojua kazi. Walioizunguka walikuwa watatu: Ruguru, muuguzi, bado amevaa sare, Ngari, muuza misumari na saruji, na Gitobu mwenyewe, ambaye sasa alikuwa na mvi kichwani. Juu ya ramani ulikaa mkebe wa kakao.

Gitobu alisimama alipomwona, jinsi mwanafunzi anavyosimama mwalimu akiingia darasani. Kisha uso wake ukaonyesha kwamba amejikasirikia kwa kusimama.

"Madam," alisema. "Hebu twende huku nyuma tuongee."

"Hapana. Nyuma siendi. Mimi nilikukosea mbele ya watu."

Akaweka ndizi chini, akaweka asali, akawageukia wale wawili.

"Mimi naitwa Gladwell. Nilikuwa mwalimu wa huyu. Nilimsimamisha kwa parade nikasema ni mtu wa shetani, na akafukuzwa shule. Sikumuuliza hata swali moja. Hakuwa na makosa. Makosa yalikuwa yangu. Nasema mbele yenu kwa sababu wale wengine mia sita siwezi kuwapata wote."

Ngari aliangalia viatu vyake. Ruguru alimvutia kiti kama angemvutia bibi yake. "Keti, shosho, usije ukaanguka."

Gladwell hakuketi. Gitobu aliifungua leso polepole. Alipokiona kitabu alikishika kwa mikono miwili, na kwa muda akawa hana umri wowote.

"Sikuwa nimekimaliza," alisema. "Niliruka nikaenda nyuma, kwa zile kurasa za mchezo. Miaka yote hii hadithi naitunga kwa kichwa tu. Joka huwa linafanyaje?"

"Linakufa. Lakini linakufa vizuri."

"Ai, mathe!" Ngari aliruka. "Kwetu bado liko hai. Usituharibie!"

Ruguru alicheka, na hata Gitobu akakaribia kucheka. Kisha akaikunjua karatasi, na kicheko kikaisha. Gladwell akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Niambie hapa. Kwa nini uliniweka?"

"Tuliongeza sheria yetu, kila kikundi kiwe na mtu wa nyumba. Wengine wakiumia huko nje, wanarudi kwake wanakula, wanapona. Huyo haruhusiwi kufa, ndiyo maana anapewa ishirini." Gitobu alisema bila kumtazama. "Wenzangu kila mtu alitaka mama yake. Mimi nikasema tuweke Madam."

Sasa Gladwell aliketi.

"Ile siku nilikaa nje ya geti mpaka jioni," Gitobu aliendelea. "Na kasanduku kangu. Nilijua utakuja."

Hili Gladwell hakuwa amepanga kulisema. Hata kwenye maombi yake hakuwa amelisema.

"Nilikuona," alisema. "Nilikuwa kwa dirisha la ofisi. Nilikuona, na sikuja."

Gitobu alichukua kalamu, akaikata ile ishirini kwa mstari mmoja, akafikiri, akaandika kumi na tano. Bado ilikuwa namba kubwa kuliko zote katika karatasi ile.

"Tano ni za dirishani," alisema. Akaisukuma karatasi mpaka mbele yake. "Sawa. Sisi watatu tumetoka mlimani. Ruguru amevunjika mkono, Ngari ameungua, na giza linaingia. Tumefika nje ya mlango wako. Tunabisha."

Gladwell alinyoosha mkono auchukue mkebe, lakini Gitobu akaufunika kwa kiganja.

"Hapo hakuna maharagwe, Madam. Hapo unaamua mwenyewe."

Gladwell aliurudisha mkono.

"Ingieni," alisema. "Ingieni wote, chapati zipo."