Moshi wa Papa Kanyamibwa

Mambo mengi niliyoyajua juu ya baba yangu, Papa Kanyamibwa, niliyasikia kwa Mama Mukandori. Ni jirani yetu hapa Nyamitaba. Ua wa matete ndio unaotutenganisha, na matete hayazuii masikio.

Alisema Papa ni mchawi. Ushahidi wake: kila asubuhi, watoto wakishaenda masomo, Kanyamibwa anajifungia jikoni, moshi unatoka chini ya mabati, na ng'ombe wetu wanatoa maziwa mengi. Ng'ombe wake yeye alikuwa amekauka. Hilo ni kweli. Ng'ombe huyo amenizidi umri, na mimi niko mwaka wa tatu wa sekondari.

"Alliance, mutoto wangu," aliniambia, "mimi siko mutu wa maneno mingi. Lakini ile maziwa munakunywa kwenu, iko yangu."

Sikuamini kabisa. Niliacha tu kutumia kikombe cha Papa.

Aliyeamini yote ni mdogo wangu Luc, mwenye miaka saba. Aliacha kunywa maziwa. Kisha Papa akipita, Luc anajibana ukutani kama kifaranga kilichoona mwewe. Kwetu ni Papa anayemmiminia mtoto maziwa ya jioni, na hakuacha kumimina. Aliweka kikombe mbele ya Luc, akangoja, halafu akamtazama paka akinywa. Paka alinenepa.

Siku moja mwalimu wa hesabu hakufika, tukarudishwa nyumbani. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa. Nilichungulia kwenye ufa, kisha nikausukuma. Papa alikuwa amepiga magoti, ameshika kibuyu cha maziwa mdomo chini juu ya makaa na majani, anakohoa, machozi yamefika kwenye ndevu.

Kufukiza vibuyu, ili maziwa yakae vizuri na kunukia, ni kazi ya wanawake. Mwanaume anakamua. Kuosha na kufukiza, hapana.

"Papa, unafanya nini?"

"Funga mulango."

"Mama iko wapi?"

"Mama yako kifua kinamuuma. Daktari amemukataza moshi. Ya kupika, anapikia inje, upepo unaipeleka. Hii ya kibuyu inaingia mu pua yote."

"Na watu wanasema uko mulozi!"

"Ninasikia."

"Sasa si useme ukweli?"

Alifikiri. "Mulozi, watu wanamusalimia vizuri. Mwanaume wa kufukiza, watamucheka mupaka kule Ngungu."

"Luc anakuogopa, Papa."

Aligeuza kibuyu.

Jumamosi asubuhi alitoa makaa na vibuyu, akakaa katikati ya kiwanja, mahali kila mpita njia anaona. Mama Mukandori hakukawia. Alikuja na wanawake wengine wawili.

"Yesu! Kanyamibwa! Mwanaume muzima!"

"Njo mimi," Papa alikubali.

"Bibi yako amekulisha nini?"

"Maharagi."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. "Na unaunguza majani, weye!" Mama Mukandori alisema. "Weka mabichi!"

Papa aliweka mabichi. Moshi ukawa mzuri zaidi. Luc alikuwa mlangoni. Alisogea kidogo, akasogea tena, mpaka akasimama karibu na goti la Papa.

"Njo ile dawa ya kuiba maziwa?"

"Njo hii. Nusa."

Luc alinusa, akapiga chafya. Jioni alikunywa nusu kikombe. Alisema yananuka moshi.

Sasa mtaani hakuna tena habari ya uchawi. Wanasema Mama amemlisha Papa dawa ya mapenzi. Wachungaji wa ng'ombe wanamwita Papa "Mama Kanyamibwa"; yeye anawasalimia, anaongeza mwendo. Juzi Luc alirudi masomo na shati limepasuka.

"Walisema nini?" Papa aliuliza, akimimina.

"Eti uko mwanamuke."

"Na weye?"

"Nilipiga moja. Wengine walikuwa wakubwa."

Papa alitaka kumpa pole, nadhani. Luc alikuwa amekwisha kunyoosha kikombe.

"Ongeza," alisema.