Fundi Zahor na kipande cha ishirini na tano

Saa nne asubuhi, Juni 2004. Katika chumba kimoja cha chuo hapa Maskati, kiyoyozi kimezimwa kwa makusudi, na nje joto limepita nyuzi arobaini na nne. Zahor Suud, fundi wa maikrowevu mwenye miaka hamsini na minane, ameketi mbele ya oveni iliyofungwa. Kanzu imemganda mgongoni, na mikono yake ameikalia.

Ndani ya oveni mna kipande cha silikoni, chembamba kuliko kadi ya simu. Kikitoka kizima kitakuwa seli ya sola. Vilikuwepo ishirini na tano na hiki ndicho cha mwisho. Kikipasuka, utafiti umekwisha na Jumamosi chumba kinapewa idara nyingine.

Utafiti ni wa Dk. Shaikha, mhadhiri, binti wa jirani yake Zahor kule Hail, mtaa wa hapa Maskati. Viwandani silikoni huokwa kwenye matanuri yanayokula umeme kwa saa nyingi. Yeye anataka kuioka kwa mawimbi ya maikrowevu, dakika chache tu.

"Ukichoma mafuta chungu nzima ili utengeneze sola, umemsaidia nani?" anauliza.

Zahor, mzaliwa wa Unguja, ana duka lake la ufundi Hail tangu 1981. Zamani alitengeneza oveni ishirini kwa wiki. Siku hizi akipata nne anashukuru.

"Watu wananunua mpya, mbovu jaani," anasema. "Shaikha aliponambia njoo, nilikuja mbio. Nlifurahi, nisikufiche."

Aliifumua oveni ya jikoni, akaitia feni ya kutawanya mawimbi na kisahani cheusi kinachoshika moto upesi. Kuoka ikawa kazi yake, maana asubuhi Shaikha yuko darasani. Tangu Januari, kila siku ya kuoka, Shaikha alirudi akakuta vipande vimepasuka. Akabadili dawa inayopakwa silikoni kabla ya kuokwa, akabadili dakika, akakonda.

Wiki mbili zilizopita Zahor alikuwa akijaribu mtambo kwa kipande kibovu, kisichopakwa dawa. Mkewe, Bakhita, akapiga simu: wageni wameingia kutoka Qurayyat, wana samaki, na ndimu hakuna. Zahor akatoka nje kuzungumza, na mazungumzo yakachukua karibu saa nzima. Aliporudi na kufungua oveni, kipande kilikuwa kimepoa, nacho ni kizima.

"Nkajiuliza, leo nimefanya nini? Sijafanya kitu! Hapo moyo ukanipasuka, wallahi."

Kwa miaka ishirini na tatu amejaribu oveni za wateja kwa kikombe cha maji. Kengele ikilia anafungua, anachovya kidole. Hapa pia kengele ilipolia alifungua, na baridi ya kiyoyozi ikaipiga silikoni yenye moto mkali.

Shaikha alikuwa amemwonya asiguse mpaka ipoe. "Kugusa sijagusa," anasema Zahor, uso chini. "Nimefungua tu."

Angeweza kunyamaza, nani angejua? Siku ya pili alimweleza yote. Shaikha alitoka, akarejea baada ya sala ya adhuhuri.

"Ami, umenivunjia kazi ya miezi sita," alisema. Kisha akauliza vimebaki vingapi. Kilikuwa kimebaki kimoja.

Leo kengele imeng'olewa. Saa tano kasorobo Shaikha, aliyeahirisha darasa lake, anapima joto, anaitikia kwa kichwa, anafungua mlango mwenyewe. Kipande ni kizima. Inachukua saa mbili zaidi kukipaka rangi ya madini ya fedha inayopitisha umeme na kukiunga nyaya. Anakiweka dirishani juani, na mshale wa mita ya umeme unapanda hadi nusu volti, karibu sawa na seli ya kiwandani.

"Alhamdulillahi," anasema Zahor, na machozi yanamtoka hadharani.

Chumba kimeokoka, angalau kwa mwaka mmoja. Zahor tayari ana mpango: kubuni kufuli la mlango lisilofunguka mpaka oveni ipoe kabisa.

"Ami, si tutawaambia wanafunzi wasifungue tu?" anauliza Shaikha.

"Wanafunzi wataambilika, mwanangu. Kufuli ni langu mimi."