Jani la Ishirini

Mwalimu wetu wa bayolojia alituagiza turudi kutoka likizo na majani ishirini, yamekaushwa kati ya kurasa za daftari. Kumi na tisa niliyapata upesi. Mengi niliyachuma katika msitu wa serikali kule Shimba, tulikopelekwa na shule kwa lori kabla ya kufunga. Askari wa misitu aliisoma barua ya ruhusa, akatuhesabu, tukaingia, tukala mikate na kuchuma tulichotaka.

La ishirini ndilo ninaloona haya kuliandika.

Bibi yangu ni mmoja wa wanawake wanaosafisha njia ya kaya, msitu wa wazee wetu karibu na Diani, kabla ya dua ya mvua. Mwaka huu alikubali nifuatane naye. Nilivua viatu, nikajifunga kaniki.

"Humu hutoki na kitu," akanionya. "Hata kijiti cha kuchokolea meno."

Nje mchanga ulikuwa haukanyagiki kwa jua. Hatua tano ndani, baridi. Mizizi ilisimama kama kuta, imenipita kimo. Nilitafuta kilele cha mti mmoja mpaka shingo ikaniuma, sikukiona. Matawi makavu yamejilalia tele, na sisi kuni twazifuata mwendo wa saa nzima. Wanawake waliyasukuma kando tu. Sijapata kujiona mdogo vile.

Ndipo jani likaniangukia begani, pana kama kiganja, jekundu pembeni. Nikajiambia sikulichuma, limenijia. Nikalificha ndani ya kaniki.

Nyumbani nikalitia katika daftari, na siku mbili nikawa nalifunua na kulifunika. Dua ilikuwa Ijumaa, na mahindi yalikuwa yameanza kujikunja. Mvua isiponyesha, nikawaza, ni mimi.

Alhamisi asubuhi nilimkuta bibi akikuna nazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona uso huo, umemeza ndimu?"

Nikafungua daftari. Akaacha kukuna.

"Lilianguka lenyewe," nikasema.

"Na kwenye kaniki likaingia lenyewe?"

"Mwalimu anataka ishirini."

"Kwani msitu ni wa mwalimu?"

"Si wa serikali, bibi? Pale pana jiwe la mpaka."

"Jiwe limekuja juzi."

"Basi ni wetu?"

Akacheka kidogo. "Ungekuwa wetu tungebisha hodi?"

Akanawa mikono, tukaenda. Mlangoni pa kaya alisimama.

"Sema ulichofanya. Usiniambie mimi, mimi si mwenyewe."

Mimi, ambaye shuleni naambiwa kila siku nipaze sauti ninapoitwa jina!

"Hodi," nikasema. Kisha nikajikaza: "Nilichukua jani. Nimelirudisha."

Sauti yangu iliingia mitini, haikurudi. Juu kabisa mbega akatikisa tawi, kisha kimya. Tukaingia, nikaliweka jani chini ya ule mti, na nilipoinua mkono tu sikulitambua tena. Yalikuwa maelfu, yote mamoja.

Mvua ilikuja wiki ya pili yake. Sijui kama ilikuwa ikiningoja mimi.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu alifunua daftari langu mpaka mwisho.

"La ishirini liko wapi?"

"Limerudi kwao, mwalimu."

Darasa zima likaangua kicheko. Alinikata alama, lakini siku hiyo hakuniambia nipaze sauti.