Hodi Mbele ya Mlango Usio na Nyumba

Mwezi uliopita nilishika njia ya Mikindani kwenda kule tulikohamishiwa nikiwa na miaka tisa. Nilipofika, gari langu, kuukuu kama mimi, lilikuwa linavuja mafuta ya gia. Nikainama, nikaona matone mekundu mchangani, nikayapapasa, nikacheka peke yangu kama mwehu. Halafu hasira ya zamani ikanipanda, mbichi kabisa.

Ngoja nikusimulie, mwenzangu. Siku ya kuhamia kijiji cha ujamaa, bibi yangu mzaa baba alikuwa uani anamenya ming'oko, vile viazi vya porini. Katibu wa kijiji, mtu wa bara mwenye viatu vinavyong'aa, akaingia na mgambo wawili mpaka chumbani bila hodi. Wakang'oa mlango na miimo yake, mlango wa mninga ambao babu alimchongea bibi alipomwoa, wakaenda kuupachika kwenye ofisi ya katibu. Wakati wa kutoka waliikanyaga ming'oko yote. Bibi hakulilia nyumba wala mlango. Alililia ile hodi. "Hata mwizi huogopa kidogo," alisema. "Huyu kaingia kwangu kama anaingia banda la mbuzi."

Tukapewa kibanda chenye tundu la kuingilia na pazia la gunia. Asubuhi kengele, watu na majembe kwenye shamba la pamoja, mchana ugali wa muhogo na kisamvu. Nilipapenda, nisikudanganye, maana watoto tulikuwa wengi na harufu ya mabibo ilijaa kila mahali. Ila kila tulipopita ofisini, bibi alitazama mlango wake, akatema mate.

Lakini Mungu si Athumani. Katibu alikuwa na gari lililoachwa na mzungu wa mkonge, gari lisilo na klachi, la gia zinazojibadili zenyewe. Siku moja likagoma mbele ya kibanda chetu. Injini inanguruma, magurudumu hayaendi, na kesho yake anatakiwa mjini kumpokea mkubwa kutoka Dar. Baba, aliyekuwa fundi bandarini kabla ya kuhamishwa, akaingia chini yake. Bomba jembamba linalopeleka mafuta ya gia kwenye rejeta yakapoe lilikuwa limeliwa na kutu, mafuta yote yamemwagika njiani. Bomba lingetengenezeka. Mafuta ndiyo yalikuwa taabu. Baba alisema hapati mengine karibu zaidi ya Dar, ila debe moja alilokuja nalo kutoka bandarini.

Na juu ya debe hilo alikuwa amekaa bibi.

"Mama, inuka basi," baba akamwomba.

"Miguu inaniuma."

"Mama, hii ni kazi ya taifa!" katibu akafoka.

"Ndugu Katibu, mlango wangu kwanza. Na uubebe wewe, si mgambo."

Katibu alitisha, akabembeleza, jua likapanda. Mwisho akaenda. Akaleta ubao mmoja wa mlango kichwani, akarudia wa pili, akarudia miimo, wakati watu wanatoka shambani na majembe yao. Kina mama wakapiga vigelegele. Lo! Sijaona kitu kitamu kama kile mpaka leo. Tundu la kibanda halikuuchukua mlango, ulikuwa mrefu mno. Katibu akacheka huku jasho linamtiririka. "Sasa utauweka wapi, Mama?" Bibi akamwonyesha katikati ya uwanja. "Hapo. Chimba." Akachimba.

Baba akakata kipande kibovu cha bomba kwa msumeno wa chuma, akaunga kwa mpira na klipu mbili. Klipu ya upande wa rejeta ilikuwa mahali pembamba, mkono wake haupiti, nikapewa bisibisi mimi. Nikakaza. Kisha nikaikumbuka ming'oko ya bibi chini ya vile viatu, nikailegeza tena klipu nusu mzunguko.

Tangu hapo, kila baada ya wiki mbili tatu, gari lilirudi na kiu. Mafuta yalikuwa kwenye debe la bibi, na bibi alikuwa nyuma ya mlango wake. Haukuwa na ukuta wala paa. Kuku walipita pembeni. Katibu hakuthubutu, alisimama mbele yake juani.

"Hodi."

Bibi anachambua kisamvu, anamwona wazi.

"Hodi."

Ya tatu aliitikia akipenda. Asipopenda, katibu aligeuka akarudi kesho yake, maana hodi ni tatu. "Karibu, Ndugu Katibu," bibi alimwambia. "Gari lako linakunywa kushinda walevi."

Miaka baadaye, bibi akiwa mgonjwa, nilikiri kwake kuwa klipu niliilegeza mimi, nusu mzunguko. Akanitazama. "Nusu tu? Mimi ningelegeza yote."

Watu husema kisasi si kizuri. Waseme. Katibu alihamishwa, nikasikia kafa, na sikusema maskini. Ila mlango nao uliliwa na mchwa mwaka uliofuata kifo cha bibi, na kibanda hakipo. Pale uwanjani pamelimwa ufuta.

Nilisimama pale mikono ikiwa myekundu kwa mafuta, mahali nilipokumbuka miimo ilikuwa. Ningeweza kukatiza tu. Nikapiga hodi. Nikapiga tena. Nikapiga ya tatu, nikangoja sana, kisha nikageuka.